Kabla ya Kitenge: Tulichovaa na Tulichooka Kando ya Ziwa Letu



Siku hizi vitu vya zamani vimerudi kwa nguvu. Fungua simu yako dakika tano tu, utaona vijana wa Bujumbura, Goma, Kinshasa na Nairobi wamevaa magauni yenye mkato wa wakati wa bibi zetu, wamebeba vikapu vya kusuka, wamepiga picha pembeni ya masini ya kushona ya kukanyaga kwa miguu. Wengine wanaoka mikate nyumbani na kuipanga kwenye meza ya mbao kama zamani. Mimi napenda hayo. Lakini kila nikiyaona najiuliza: zamani hiyo ni ya nani? Mengi tunayoiga ni zamani ya watu wa Ulaya na Marekani. Sisi watu wa Uvira tukitaka kuchota mawazo ya kubuni kwenye zamani, tuchote kisima gani?

Niko na lisansi ya kilimo, kwa hiyo nitajibu kama mtu wa shamba. Kila nguo na kila mkate vilianza kwenye udongo fulani. Ukitaka kujua historia ya nguo, uliza kwanza uzi ulitoka wapi. Ukitaka kujua historia ya mkate, uliza unga.

1. Nguo iliyoota nyumbani

Tarehe 26 Aprili 1858 mitumbwi miwili iliyotoka Ujiji ilifika hapa Uvira. Ndani yake walikuwamo Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke. Walikuwa wanatafuta chanzo cha mto Nile, na walitaka kujua kama Ruzizi inatoka ziwani ama inaingia. Watoto wa mtawala wa hapa waliwaambia wazi kwamba inaingia. Miaka 13 baadaye, mwaka 1871, Stanley na Livingstone walifika kwenye mdomo wa mto na kuona kwa macho yao kwamba wenyeji walisema kweli.

Shuleni habari hiyo inafundishwa kama habari ya mto. Mimi inanivuta kwa jambo lingine. Burton aliandika juu ya biashara aliyoikuta Uvira. Kati ya bidhaa alizotaja kuna watumwa na pembe za ndovu, na hapo hatuna haki ya kufumba macho. Lakini kuna pia nafaka, vyombo vya chuma, na nguo za magome ya miti. Maana yake, kabla ya kitenge, soko la Uvira lilikuwa linauza nguo zilizotengenezwa na mafundi wa upande huu, kwa mti wa upande huu.

Mti wenyewe ni wa jamii ya mkuyu, ile ambayo wataalamu wa mimea wanaiita Ficus. Wanyarwanda wanauita umuvumu. Kuna jambo dogo la lugha ambalo sisi tunaoishi karibu na Kavimvira tunalisikia kila siku bila kulifikiria: kwa Kirundi nguo ni impuzu. Kwa Kinyarwanda neno hilohilo ni jina la nguo ya gome la mti. Mti umesahaulika, lakini jina lake bado tunalivaa.

Kazi ilikwenda namna hii. Fundi anakata duara juu na chini ya shina, anapasua mstari mmoja wa wima, kisha anavua gome taratibu kama mtu anayemvua mtoto shati. Anakwangua ngozi ya nje ya gome, analilainisha kwa moto ama mvuke, halafu analipiga kwa nyundo za mbao zenye mifereji juu ya gogo. Gome linazidi kupanuka mpaka linakuwa kitambaa laini. Likianikwa juani linageuka rangi ya udongo mwekundu. Na shina lililobaki uchi? Linafungwa majani ya migomba kama kidonda kinavyofungwa, na baada ya muda mti unaota gome jipya. Mti uleule unavunwa tena na tena kwa miaka mingi.

Wenzangu wa agronomia munaona uzuri wa jambo hili. Mti haufi. Majani yake yanarudisha rutuba, kivuli chake kinalinda kahawa na migomba, matawi yake yakikatwa na kuchomekwa yanashika kuwa ua wa nyumba. Leo vitabu vyetu vinaita mpango huo kilimo-mseto na miti, na miradi inaleta wageni kutufundisha. Fundi wa nguo wa karne ya 19 alikuwa anaufanya kwa sababu alihitaji nguo.

Uganda hawakuacha ufundi huo upotee kabisa. Mafundi wa Buganda bado wanatengeneza nguo ya mti wa mutuba. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa dunia usioshikika, na mwaka 2008 ikaingizwa kwenye orodha rasmi. Leo wabunifu wa Kampala wanaitumia kwa mikoba, taa, picha za ukutani na majalada ya vitabu. Hawavai kama babu zao. Wamechukua kitambaa cha babu na kukiuliza: leo unaweza kufanya nini?

2. Nguo iliyotoka mbali, na akili ya wanawake

Tusidanganyane lakini. Nguo ya gome ilikuwa na ubaya wake. Ikilowa maji inachoka haraka, na kuifua ni shida. Kitambaa cha pamba kilipofika na misafara ya pwani, watu walikitaka kwa sababu kilikuwa bora kwa mambo mengi. Kilichojulikana sana kiliitwa merikani, pamba nyeupe ngumu iliyofumwa Marekani na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Upande huu wa ziwa, kitambaa kilikuwa nguo na pesa kwa wakati mmoja: kwacho ulinunua chakula, ulilipa wapagazi, ulitoa zawadi kwa mtawala. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, pamba ya kule ikakatika na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi.

Sasa angalieni walichofanya wanawake wa Pwani. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Mombasa na Zanzibar walichoka na vile vitambaa visivyo na maua. Wakaenda kununua leso za mkononi za rangi, zile zilizoletwa zikiwa bado hazijakatwa, wakachukua sita na kuzishona pamoja, tatu juu na tatu chini. Hapo ndipo ilipozaliwa kanga, na ndiyo maana Mombasa mpaka leo wanaiita leso, neno lililotoka kwenye Kireno. Wauzaji walipoona hivyo wakaanza kuagiza kitambaa kizima kilichochapwa namna hiyo. Baadaye yakaongezwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi hizi tunazosoma.

Hakuna aliyewaambia wanawake wale wabuni. Hawakuwa na kiwanda wala hawakuwa na mwalimu wa mitindo. Walikuwa na sindano, uzi, na kitu cha kigeni kilichokusudiwa kupangusia jasho. Wakakigeuza. Mimi hapo nasoma somo la kubuni kuliko kwenye video nyingi za leo.

Kitenge chenyewe, ambacho sisi tunakiita kikwembe na kukiona ni chetu toka mwanzo, kina safari ndefu zaidi. Mizizi yake iko Java, Indonesia, kwa mafundi wa batiki waliochora kwa nta. Waholanzi walitaka kufanya kazi ileile kwa masini. Kampuni ambayo leo inaitwa Vlisco ilianzishwa Helmond mwaka 1846. Masini zile ziliacha nyufa ndogondogo za rangi pale nta ilipovunjika, na Waafrika wa Magharibi wakazipenda nyufa hizo, juu hakuna vipande viwili vinavyofanana sawasawa. Halafu wauzaji wa sokoni, wanawake, ndio waliovipa vitambaa majina. Kimoja kinajulikana nchi nyingi, na Kongo pia, kwa jina la Kifaransa lenye maana ya "mume wangu anaweza". Mchoro ulitoka Ulaya. Maana iliwekwa na mama mwenye meza sokoni.

3. Pamba ya amri na koti la amri

Kuna sehemu ya historia hii ambayo haipendezi kupigwa picha, na ni lazima niiandike.

Munajua kwamba uwanda wa Ruzizi ulilimwa pamba. Kwa wazee wengi wa Kongo, neno pamba halileti kumbukumbu ya nguo nzuri. Linaleta kumbukumbu ya lazima. Sheria ya mwaka 1917 iliruhusu serikali ya Wabelgiji kuwalazimisha watu walime mazao fulani mpaka siku 60 kwa mwaka, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia siku hizo zikapandishwa mpaka 120. Asiyelima alipigwa faini ama kufungwa. Bei ilipangwa na mnunuzi. Nguo zilifumwa Léopoldville katika kiwanda cha Utexléo, na baadaye hata huku kwenye ziwa letu, Albertville ambayo leo ni Kalemie, katika kiwanda cha Filtisaf. Mkulima aliuza pamba kwa bei ndogo, kisha akanunua kikwembe kwa bei kubwa.

Baada ya uhuru ikaja amri ya namna nyingine. Miaka ya 1970 Mobutu alianzisha siasa ya kurudia asili. Suti na tai vikakatazwa, wanaume wakavaa abacost, jina lililotoka kwenye maneno ya Kifaransa ya kusema suti iende chini. Wanawake wakaambiwa suruali hapana, kikwembe ndiyo. Ilidumu mpaka mwaka 1990. Wazee wetu wengi wana picha moja ya namna hiyo ukutani: baba na abacost, mama na kikwembe, uso wa kazi kabisa.

Abacost ilikuwa nguo ya heshima, na mafundi walijua kuikata. Lakini amri ilipoondoka, watu wengi waliiacha haraka sana. Kwangu hiyo inaonyesha kitu: asili inayoletwa kwa amri inaishi kadiri amri inavyoishi. Kanga haikuamriwa na mtu, na miaka zaidi ya 100 baadaye bado iko. Kwa hiyo tunaporudi kwenye vitu vya zamani, tusirudi kwa kuogopeshwa eti tumepoteza utamaduni, wala kwa kuwa watu wa mbali wamesema ni fasheni. Turudi tukiwa na kazi ya kufanya.

4. Mkate bila ngano

Sasa tuingie jikoni, maana hapo ndipo mfuko wetu unaumia.

Ngano inapenda baridi. Uvira iko chini, kwenye mita kama 770 juu ya bahari, na joto lake munalijua. Unga wa ngano tunaokandia mandazi na mikate unatoka mbali, unavuka mipaka, unalipiwa ushuru na njiani kila mtu anataka chake. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, bei ya ngano ilipanda dunia nzima. Mama anayeuza mandazi hapa Mulongwe hakuwa na ugomvi na mtu huko, lakini na yeye alilipa.

Bibi zetu walioka nini kabla ya mfuko wa farini? Jibu moja limelala kwenye uwanda wetu: mchele. Mpunga uliletwa huku Kongo ya mashariki na watu wa misafara ya pwani, na leo Sange, Luberizi na Kiringye wanalima mpunga. Watu wa Pwani walikuwa na mkate wao wa mchele, ule wa kumimina. Unaloweka mchele usiku mzima, unausaga na tui la nazi mpaka uwe uji mzito, unaweka hamira, sukari na iliki, unauacha uumuke, halafu unaumimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Moto unakuwa chini na juu: makala kidogo chini, makala zaidi juu ya mfuniko. Hakuna haja ya tanuri wala umeme, na munajua umeme wetu ulivyo.

Nimeufanya nyumbani na dada zangu, tukitumia maziwa kwa sababu nazi hapa haipatikani kirahisi. Unapendeza. Lakini ni lazima uelewe kwa nini unakwenda hivyo. Ngano ina gluteni, kitu kinachovutika kama mpira na kushika hewa ya hamira. Mchele hauna. Ndiyo maana watu wa zamani hawakukanda donge, walimimina uji mzito na kuuivisha haraka pande mbili ili mashimo ya hewa yagande kabla hayajaanguka. Hawakujua neno gluteni. Walijua tabia ya unga wao.

Muhogo nao una nafasi. Ulitoka Amerika na Wareno, ukaingia kwa upande wa Atlantiki kuanzia karne ya 16, mpaka ukawa ugali wetu wa kila siku. Mwaka 1964 FAO ilianzisha mpango wa kuchanganya unga wa ngano na unga wa mazao ya nchi za joto. Ukichanganya sehemu moja ya muhogo na sehemu tisa za ngano, mlaji hawezi kutambua. Lakini angalizo: unga tunaosongea ugali umetoka kwenye muhogo uliolowekwa na kuchacha, na harufu yake itaharibu mkate. Kwa kuoka unahitaji muhogo mtamu, uliomenywa, ukakwaruzwa, ukakamuliwa na kuanikwa siku ileile. Muhogo mchungu usiufanyie hivyo, una sumu ya sianidi na unahitaji kulowekwa siku kadhaa. Hapa ujuzi wa bibi na ujuzi wa chuo vinakutana, na vyote viwili vinahitajika.

Na sukari? Wengi wenu munakumbuka, ama mumesimuliwa, kwamba Kiliba kulikuwa na kiwanda cha sukari, na mashamba ya miwa yalijaa uwanda. Vita vya mwaka 1996 vilikisimamisha. Kwa hiyo kulikuwa na wakati ambapo mtu wa Uvira angeweza kuoka mkate wa mchele wa Ruzizi na sukari ya Kiliba, na hakuna kitu kilichovuka mpaka isipokuwa hamira na iliki. Nikilifikiria hilo nasikia hasira kidogo, kisha nasikia hamu ya kufanya kazi.

5. Sanduku linakwenda na maji

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika. Ulibeba watu, nyumba na daraja. Tuliwalia watu kwanza, kama inavyopaswa. Lakini baadaye, mama mmoja wa kartie yetu alikuwa anatafuta kitu kwenye tope siku kadhaa. Tulidhani ni pesa. Alikuwa anatafuta sanduku lake la chuma la vikwembe.

Kwa mama zetu sanduku lile ni benki. Kitambaa cha mahari, kitambaa cha matanga, kitambaa alichonunua mtoto wa kwanza alipozaliwa, kila kimoja na jina lake na mwaka wake. Siku ya shida kimoja kinauzwa. Ukilifungua sanduku pamoja na mwenye nalo, unasoma historia ya nyumba bila kitabu. Sanduku likienda na maji, ama mwenye nalo akifariki kabla hatujamuuliza, hakuna maktaba itakayoturudishia.

Hapo ndipo naona kazi yetu, sisi wenye diplomi na shomaji pamoja. Tunalia kwamba hakuna ajira, na ni kweli. Lakini zamani ya ziwa hili imetuachia maswali mazuri. Fundi wa gome aliuliza: mti gani unaota karibu? Wanawake wa kanga waliuliza: kitambaa hiki kinaweza kugeuka nini? Mpishi wa mkate wa mchele aliuliza: unga huu una tabia gani? Tukichukua maumbo yao tu, tutapata picha nzuri ya siku moja. Tukichukua maswali yao, tunaweza kupata mikoba ya vipande vinavyobaki kwa mafundi wa cherehani, mikate ya mchele wa Kiringye kwa sherehe za ubatizo, miti ya umuvumu kwenye miteremko inayomomonyoka juu ya mji wetu.

Hilo la mwisho nalisema kwa uzito. Milima iliyo juu ya Uvira imevuliwa miti, na maji yanashuka bila kizuizi. Mti uliowavika watu wa kale una mizizi inayoshika udongo. Kuupanda tena si kazi ya kumbukumbu peke yake.

Nawaomba jambo moja kabla ya mwezi kwisha. Keti na mama, bibi ama shangazi, mfungue sanduku lake pamoja. Uliza jina la kila kitambaa, na uandike. Uliza walioka nini siku ambayo farini ilikosekana, na uandike vipimo: vikombe vingapi, moto wa namna gani, dakika ngapi. Usichoke akikujibu kwamba alikuwa anakadiria tu kwa mkono. Mwambie akadirie mbele yako, na wewe upime.